Kianjokoma hadi New York: Kwa nini saa 15 za ndege huonekana saba

Mzazi wa Kianjokoma, Kaunti ya Embu, anayemsindikiza mwanawe kwenda masomoni Marekani aweza kusoma kwenye tiketi kwamba ndege itang'oa nanga Nairobi saa 23:00 na kutua New York saa 06:00 kesho yake. Kwa hesabu ya vidole hizo ni saa saba. Asubuhi ikipambazuka kabla ya simu kulia, nyumba nzima huingiwa na hofu, ilhali ndege ndiyo kwanza inaianza Bahari ya Atlantiki.

Tiketi haikudanganya. Kila uwanja huandikiwa saa za mahali ulipo, na majira ya baridi New York huwa nyuma ya Kenya kwa saa nane. Hivyo saa 06:00 ya huko, yaani saa kumi na mbili asubuhi wala si saa sita, ni saa nane mchana Kianjokoma. Safari yenyewe ni ya saa 15. Kuanzia Machi hadi mapema Novemba, Wamarekani wanaposogeza saa zao mbele, tofauti hupungua ikawa saba.

Umbali kati ya viwanja hivyo viwili ni takriban kilomita 11,800. Anayetaka kuiona njia aache ramani ya ukutani, avute uzi juu ya tufe: utakatiza Sahara, na katikati yake utaangukia Morocco. Marubani hawaufuati uzi huo kikamilifu. Hukwepa dhoruba na anga zilizofungwa, kama ya Sudan vita vilipozuka Aprili 2023.

Kurudi huchukua takriban saa 14. Kinacholeta tofauti ni upepo mkali wa juu uvumao kutoka magharibi, ambao huikabili ndege inapokwenda na kuisukuma inaporejea.

Kabla ya Kenya Airways kuanzisha safari ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018, abiria hawakuwa na budi kubadilisha ndege njiani. Kupitia London huongeza kilomita kama 550 tu, lakini kupitia Dubai huongeza zaidi ya 2,700. Hata hivyo, kinachochosha zaidi ni kungoja ndege ya pili; ndiyo maana tiketi ya bei nafuu huweza kumla mtu siku nzima.

Zipo pia kilomita zisizoandikwa kwenye tiketi. Kutoka Kianjokoma kupitia Embu na Thika hadi uwanjani ni mwendo wa takriban kilomita 150, na abiria hutakiwa kufika saa tatu kabla ya ndege kuruka. Atakayeondoka nyumbani saa kumi alasiri atatua saa 22 baadaye. Kisha kuna foleni ya uhamiaji, kwa hiyo simu isitarajiwe Kianjokoma kabla ya saa tisa mchana.