Upinde, Mshale na Nyama ya Halali



Mvua za mwaka zikishakatika, na nyasi za mbuga ya Wembere na za upande wa Mkalama zikaanza kugeuka rangi, vijana wa huku kwetu Singida huanza kuziteremsha pinde zilizoning'inizwa darini tangu kiangazi kilichopita. Huyu hutafuta upote mpya, yule hupeleka misumari kwa mhunzi afuliwe vyembe, na wa tatu hushindana na wenzake ni mti gani ulio bora. Mazungumzo hayo ni mazuri, nami huyasikiliza kwa furaha, maana ni mazungumzo ya kazi na ya ustadi. Lakini liko jambo moja ambalo halitajwi kabisa katika mashindano yao, nalo ni hili: zana anayoichagua mtu akiwa bado nyumbani ndiyo itakayoamua, kwa sehemu kubwa, kama nyama atakayoirudisha italiwa na watoto wake au itatupwa.

Wengi wetu hudhani kuwa uhalali wa mawindo wategemea kusema Bismillahi tu. Bismillahi ina cheo chake, wala haimfai Mwislamu kuiacha anapoutoa mshale. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi ni sunna iliyotiliwa nguvu, na kwa maimamu wengine ni wajibu. Lakini Bismillahi haigeuzi gongo kuwa kisu. Mnyama wa kufugwa tunamlaza tukamchinja kwa kitu kikali. Mnyama wa mwituni hatumwezi kumlaza, kwa hiyo sheria imetupunguzia: jeraha la mshale, popote litakapompata mwilini, lasimama mahali pa kuchinja. Basi kwa kuwa jeraha limesimama mahali pa kuchinja, hapana budi liwe jeraha la kukata au kutoboa.

Si ajabu kuwa wanazuoni wetu wameyaandika mambo haya kwa urefu, kwani Waarabu waliofunuliwa Kurani walikuwa watu wa mishale. Sayyidna Saad bin Abi Waqqas (R.A.) husifiwa kuwa ndiye wa kwanza kutupa mshale katika njia ya Mwenyezi Mungu, na katika vita vya Uhud, mwaka wa 625, Mtume (S.A.W.) aliwaweka wapiga mishale 50 juu ya kilima chini ya Abdallah bin Jubeir. Kulenga shabaha kwa upinde ni katika michezo michache aliyoihimiza mwenyewe. Na Sura ya Al-Maida, ambayo sisi waalimu huwasomesha watoto bila ya kusimama sana juu ya maana yake, imejaa hukumu za mawindo.

Sasa tuzitazame zana zenyewe, na kwa hilo hatuna haja ya kwenda mbali. Katika wilaya ya Mkalama, pande za Munguli, na kuvuka huko bonde la Yaeda na ziwa Eyasi, wako jirani zetu Wahadzabe, ambao idadi yao yote ni kiasi cha watu elfu moja na mia kadhaa tu, na ambao hapana awashindaye katika Afrika Mashariki kwa elimu ya upinde. Mtoto wao hupewa kijiupinde angali mdogo sana, nao upinde humkua kadiri anavyokua yeye. Upinde wa mtu mzima huwa karibu sawa na kimo chake, na kuuvuta hadi mwisho kwataka nguvu kama ya kuinua mzigo wa kilo 30. Kijana wa mjini aliyezoea kukaa kitini hauvuti hata nusu. Upote wao wa asili ni mishipa ya mnyama iliyosokotwa, ingawa siku hizi kamba za nailoni nazo zimeingia.

Ustadi mkubwa zaidi uko katika mshale. Wano, yaani ule ufito wenyewe, huchaguliwa katika mti mwepesi usiopasuka, kama mkole, hubanduliwa ganda, hupashwa moto na kunyoshwa kwa meno. Nimewahi kumwona mzee mmoja akifanya hivyo: hufumba jicho moja, akaliangalia wano kama mtu aangaliaye uzi katika tundu la sindano, akaling'ata kidogo, akalitazama tena, na hayo mara nyingi kupita kiasi changu cha subira. Kisha hufungwa manyoya nyuma ili mshale usitapetape njiani. Na hapo mbele ndipo penye tofauti inayotuhusu sisi, kwa sababu Wahadzabe hawana mshale wa namna moja. Wanao wa mti mtupu kwa ndege na wanyama wadogo. Wanao wenye chembe cha chuma kipana, kilichofuliwa kwa msumari bila ya kutiwa motoni. Na wanao wenye chembe cha miiba kilichopakwa sumu kwa wanyama wakubwa.

Kijana wetu akiiga aige kwa kuchagua, wala asibebe ziaka zima kama lilivyo.

Adiy bin Hatim (R.A.), mtoto wa yule Hatim wa kabila la Tai ambaye ukarimu wake umekuwa mfano mpaka leo, alikuwa mwindaji, naye alimwuliza Mtume (S.A.W.) maswali ya mwindaji hasa. Katika hayo aliuliza habari ya mi'radhi, nayo ni namna ya mshale mzito usio na manyoya, ambao mara nyingine hupiga kwa ncha na mara nyingine hupiga kwa ubavu. Maana ya jawabu aliyopewa ni kuwa kilichopigwa kwa makali kikatoboka huliwa, na kilichopigwa kwa ubavu kikafa huwa ni mauqudha, yaani kilichokufa kwa pigo, nacho kimetajwa katika Al-Maida pamoja na mzoga. Mshale ni huo huo mmoja, mtupaji ni yeye yule, Bismillahi imesemwa; na hukumu imegeuka kwa upande wa mshale uliogusa.

Kwa hiyo mshale wa kibutu, ule wenye kichwa cha mti kisichochongwa au cha gunzi la mahindi ambao watoto hupigia ndege, haufai kwa kitoweo. Kanga aliyepigwa kwa kibutu akafa kabla hajachinjwa ni mzoga, ijapokuwa hana hata tone la damu, na tena hasa kwa sababu hiyo. Mshale wa mti uliochongwa ncha kali ukapenya, huo hauna ubaya, kwani si lazima chembe kiwe cha chuma. Na manati ya watoto wetu, ambayo hupatikana karibu katika kila nyumba, yako katika fungu la kibutu. Mtume (S.A.W.) aliwakataza watu kurusha vijiwe kwa vidole, akaeleza kuwa havikamati windo wala havimwumizi adui, bali hung'oa jicho na kuvunja jino. Baba anayemkatia mwanawe mpira wa manati afikiri juu ya jicho la mtoto wa jirani kabla ya kufikiri juu ya njiwa.

Jambo la sumu ndilo zito zaidi, na hapa nataka msomaji anivumilie. Sumu ya mishale ya huku hutoka hasa katika miti miwili. Mmoja ni ule mfupi wenye shina lililovimba na maua ya rangi ya waridi, uitwao Adenium, ambao mabwana wa mijini huupanda katika vyungu barazani pasipo kujua ni mti gani. Utomvu wa matawi yake huchemshwa hata ukawa mzito mweusi. Wa pili ni mti utambaao wa jamii ya Strophanthus, na sumu yake imo katika mbegu. Zote mbili huuendea moyo. Daktari John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Waingereza Unguja, alipokuwa katika safari ya Livingstone mtoni Zambezi baina ya 1858 na 1863, aliweka mswaki wake pamoja na sumu ya mishale ya namna hii. Aliposafisha meno aliona mapigo ya moyo wake yamepungua. Kutokana na habari hiyo madaktari wa Ulaya walitengeneza dawa ya moyo. Hicho ndicho kitu ambacho kijana hukifunga kwa ngozi akakichomeka darini, juu ya kitanda cha nduguze.

Wawindaji wa sumu husema kuwa nyama haidhuru, maana hukata sehemu iliyoizunguka chembe wakaitupa, na moto humaliza yaliyosalia. Huenda ni kweli kwa tumbo, lakini swali letu si la tumbo peke yake. Wanazuoni, akiwamo Ibn Qudama, wamesema kuwa windo lililopigwa kwa mshale wa sumu halihalaliki ikidhaniwa kuwa sumu imesaidia kuua, kwa kuwa yamekusanyika mawili: jeraha lenye kuhalalisha na sumu isiyohalalisha, na yakikusanyika la halali na la haramu katika kifo kimoja, la haramu ndilo lishikalo. Ila likikutwa lingali hai, uhai uliothibiti, likachinjwa, huhukumiwa kwa kuchinjwa kwake, na madhara ya nyama ni jambo la kuangaliwa mbali. Nani ampigaye mnyama kwa sumu kisha akataraji kumkuta yu hai? Sumu imekusudiwa imwue polepole, naye mwindaji amfuate kwa nyayo. Kwa hiyo mshale wa sumu tuuache.

Yako na mambo madogo ambayo fundi wa pinde hawezi kumwambia mteja wake. Mishipa ya kusokotea upote iwe ya mnyama aliyechinjwa, kwa kuwa kwetu mishipa ya mzoga ni najisi. Manyoya ya tai, ingawa yanaupeleka mshale vizuri sana, ni ya ndege asiyeliwa. Mwenye ziaka la manyoya hayo mgongoni akisimama kusali nalo, sala yake haikusihi. Manyoya ya kanga aliyechinjwa yatosha.

Kisha kila mshale utiwe alama. Adiy (R.A.) aliuliza tena juu ya windo linalokimbia na mshale mwilini, likaonekana siku ya pili limekufa, naye akaruhusiwa kulila asipoona ndani yake alama ila ya mshale wake. Atajuaje kuwa ni wake kama mishale yote kijijini imefanana? Wahadzabe huichora mistari mishale yao, na kila mtu hujua wake. Na likikutwa limeanguka majini limekufa, lisiliwe, kwa kuwa haijulikani limeuawa na mshale au na maji. Kwa ajili hiyo mwindaji anayevizia kandokando ya vidimbwi wakati wa kiangazi, ambapo wanyama hufuata maji, na apige windo likiwa mbali kidogo na ukingo. Kisu chenye makali hakina budi kuwa kiunoni: akilifikia lingali na uhai wa kweli akaacha kuchinja, akalingojea life, limeharamika.

Kuhusu upinde wenyewe nitasema kwa kifupi. Mtu achague anaouvuta na kuushika bila ya mkono kutetemeka, kwa maana upinde uzidio nguvu zake hupeleka mshale kwenye paja badala ya kifuani, na mnyama akaenda kufia mbali kwa mateso. Wako vijana walioona katika picha pinde za kigeni zenye magurudumu, ambazo Mmarekani Holless Wilbur Allen alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1969. Ni vyombo vya ajabu, kwani vikishavutwa mkono hupunguziwa uzito. Lakini kikikatika kijuzi kimoja kijijini hapana wa kukitengeneza.

Wala upinde mzuri si ruhusa ya kuwinda. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, wanyama wa mwituni ni mali ya umma iliyo chini ya dhamana ya Rais, na hapana awindaye bila ya leseni, na silaha ya sumu imekatazwa. Basi kijana aende kwa Afisa Wanyamapori wa wilaya yake kabla ya Julai, ambapo msimu hufunguliwa, aulize ni mnyama gani, mahali gani na kwa silaha gani. Asiyepata leseni upinde wake ni wa shabaha ya gunia lililojazwa nyasi, na shabaha ni sunna. Asifanye kuku wala mbwa kuwa shabaha, maana imekatazwa vikali kukilenga kiumbe chenye roho kwa mchezo. Na apitapo sokoni au msikitini na mishale yake aishike kwa vyembe, kama Mtume (S.A.W.) alivyoamrisha, asije akamchoma mtu.

Nyumbani nako, mama akiletewa nyama ya mwituni ana haki ya kuuliza. Aulize kwanza aliyewinda ni nani, kwa sababu windo la asiyekuwa Mwislamu wala Mtu wa Kitabu si kitoweo chetu, hata akiwa jirani mwema na mshale wake mkali kuliko wote. Ujirani una njia nyingine za kupeana. Aulize kuna sumu au hakuna. Na akiletewa kanga ambaye hana alama ya kisu shingoni, ampekue manyoya kabla ya kuweka maji motoni: akiona tundu la chembe, ampike, akiona nyama imevilia damu na ngozi ni nzima, amrudishie mwenyewe.