Usukani wa trekta kuukuu: Tambua hitilafu mapema kabla ya maafa

Na MWANDISHI WETU

TREKTA kuukuu zingali tegemeo kubwa katika maeneo yanayokuza majani chai ya Kericho na Bomet. Baadhi yazo, kama vile Massey Ferguson 135 iliyoanza kuuzwa mnamo 1964 na kuundwa Coventry, Uingereza, zimepitia mikononi mwa wamiliki kadha na bado huvuta trela za kuni za mikaratusi zinazochomwa katika viwanda vya chai, kusomba mbolea na kulima mashamba ya mahindi.

Hata hivyo, chuma huchakaa, na uchakavu ulio hatari zaidi ni ule wa usukani. Nchi hii ni ya milima na mabonde, na kwa sababu ya mvua inayonyesha karibu mwaka mzima, barabara za udongo na changarawe huwa telezi mara kwa mara. Usukani ukikatika wakati trekta inateremka ikiwa na trela lililojaa, dereva huwa hana la kufanya ila kukanyaga breki na kumwomba Mungu.

La kutia moyo ni kwamba usukani ni nadra kuharibika bila kutoa ishara. Mwenye trekta anayezifahamu ishara hizo anaweza kuokoa maisha, na pia kujiepusha na gharama ya kununua kifaa ghali ilhali kilichoharibika ni bushi ndogo.

Kwanza ni muhimu kuelewa jinsi mfumo huu unavyofanya kazi. Dereva anapozungusha usukani, nguvu hushuka kupitia mhimili hadi kwenye sanduku la gia za usukani. Kutoka hapo husukuma mkono wa chuma ulio nje ya sanduku, nao huvuta au kusukuma ufito unaofika kwenye gurudumu. Katika trekta kama Massey Ferguson 35, kuna mkono na ufito kila upande wa injini. Ncha za fito zina viungo vyenye kichwa cha mviringo kinachocheza ndani ya kikombe, ambavyo mafundi huviita boljointi. Gurudumu nalo hugeuka kwa kingpini iliyo ndani ya bushi.

Kila kiungo kati ya hivyo kikilegea kidogo tu, ulegevu wote hujumlishwa na kufika mikononi mwa dereva.

Ishara hutofautiana kulingana na chanzo. Usukani unaozunguka sana kabla magurudumu hayajaitikia huashiria viungo, bushi au gia zilizolika. Magurudumu ya mbele yakitetemeka barabarani, shuku boljointi, beringi au mpangilio mbaya wa magurudumu. Usukani ukiwa mzito, huenda kingpini zimekauka grisi, tairi hazina upepo wa kutosha, au sanduku limekazwa kupita kiasi.

Uchunguzi wa ulegevu huhitaji watu wawili na dakika chache. Egesha trekta mahali tambarare, zima injini na uzuie magurudumu ya nyuma kwa mawe au magogo. Mtu mmoja auyumbishe usukani kushoto na kulia pole pole huku mwenzake akifuata nguvu hiyo kutoka kwenye sanduku hadi gurudumuni, kiungo baada ya kingine. Kanuni ni moja: pale ambapo chuma cha upande mmoja kinasogea na cha upande wa pili kimetulia, hapo ndipo penye kasoro.

Baada ya hapo, inua ekseli ya mbele kwa jeki na uiegemeze juu ya magogo imara. Kamwe usiingie chini ya trekta inayoshikiliwa na jeki pekee. Shika gurudumu juu na chini, kisha ulitikise. Likicheza huku kingpini imetulia, beringi zimelegea au zimekufa. Kingpini ikicheza pamoja na gurudumu, bushi zimelika. Usisahau pini ya katikati inayoshikilia ekseli. Iinue ekseli kwa mtaimbo uone kama inapanda na kushuka.

Ikiwa viungo vyote ni vizima na ulegevu ungalipo, basi tatizo limo ndani ya sanduku. Chunguza oili yake. Ikiwa imegeuka rangi kama chai ya maziwa, maji yameingia. Wengi hukimbilia kukaza skrubu ya kurekebishia, lakini tahadhari inahitajika. Gia hizi hulika zaidi katikati, kwa kuwa trekta huendeshwa sana ikielekea mbele. Ukizikaza hadi ulegevu wa katikati uishe, zitakwama unapokata kona. Sanduku lililofikia hapo lapaswa kufunguliwa na fundi na gia zilizolika kubadilishwa.

Kubadilisha boljointi si kazi ngumu. Toa pini inayozuia nati, fungua nati, kisha ugonge ubavu wa mkono wa chuma kwa nyundo huku ukiegemeza nyundo nyingine upande wa pili, hadi kiungo kiachie. Usigonge nyuzi za boliti. Hesabu mizunguko unapokifungua kiungo cha zamani kutoka kwenye ufito, na ufunge kipya kwa mizunguko iyo hiyo. Weka pini mpya. Ya zamani au kipande cha waya havifai.

Kisha pima umbali kati ya magurudumu ya mbele, upande wa mbele na wa nyuma, kwa kimo cha kitovu cha gurudumu. Katika trekta nyingi za aina hii, umbali wa mbele huwa sawa na wa nyuma au mdogo kwa milimita zisizozidi sita. Kitabu cha trekta yako ndicho chenye kauli ya mwisho.

Jambo lisilofaa kabisa ni kuchomelea ufito, mkono au boljointi iliyovunjika ili kazi iendelee. Joto la kuchomelea hubadilisha ugumu wa chuma, nacho huvunjika tena kando ya mshono, aghalabu mzigo ukiwa mzito.

Trekta zenye usukani wa haidroliki zina mambo yake. Anza kwa kuangalia kiwango cha oili, mkanda wa pampu ikiwa upo, na mipira inayopitisha oili. Oili yenye povu huonyesha kwamba hewa inaingia. Usitafute mvujo kwa mkono, kwani oili yenye shinikizo inaweza kupenya ngozi na kusababisha jeraha linalohitaji hospitali mara moja. Tumia kipande cha kadibodi. Aidha, usizime injini kwenye mteremko ili kuokoa dizeli. Pampu hukoma pamoja na injini, na usukani huwa mzito mno ghafla.

Wakati mwingine usukani ni mzima ila mzigo ndio mkosaji. Trela la magurudumu mawili lililojazwa kuni upande wa mbele hukandamiza nyuma ya trekta na kuinua pua yake, hasa inapopanda mlima. Magurudumu ya mbele yanapaswa kubeba angalau asilimia 20 ya uzito wa trekta ili yaweze kuielekeza. Panga upya shehena, ipunguze, au uongeze vyuma vya uzito mbele.

Iwapo usukani utakatika safarini, usikanyage klachi. Punguza mafuta, acha injini ivute mwendo, na ukanyage breki zote mbili kwa utaratibu. Ndiyo sababu pedali za breki za kushoto na kulia sharti zifungwe pamoja kila trekta inapoingia barabarani.

Kinga ni grisi. Katika eneo lenye matope na mvua nyingi, paka grisi kila baada ya saa kumi za kazi, hadi grisi chafu itoke na safi ionekane. Inua magurudumu ya mbele kwanza ili grisi ifike penye kubeba uzito. Na baada ya matengenezo yoyote, jaribu trekta mahali tambarare bila trela, kisha ukaze nati zote upya kabla ya kurejea mlimani.