Shamba lisiloonekana ndani ya mto

Kama unakaa Kisangani ao umewahi kupita pale, unaujua mto. Unajua mitumbwi, unajua vitunga vikubwa vya Wagenia penye maporomoko, na ladha ya liboke ya samaki unaijua pia. Lakini umekwisha kujiuliza yule samaki naye anakula nini?

Chota mayi ya mto ndani ya glasi. Utaona rangi ya chai, basi. Kumbe mna mwani mdogo sana, majani yasiyo na mizizi wala shina, ambayo jicho peke yake haliwezi kuona. Ni ndugu ya ule utelezi wa kijani wa juu ya mawe, ila huu unaelea. Kama vile muhogo shambani, hauishi bila nuru ya jua. Wadudu wadogo wa mayi wanakula mwani, samaki wadogo wanakula wadudu, na samaki wakubwa wanakula wadogo.

Shamba hili lina majira yake. Mwezi wa 12 mwaka 2013, mto ukiwa umejaa, wataalamu walipima mayi njiani kati ya Kisangani na Kinshasa, kilometa 1.700. Wakarudia mwezi wa 6 mwaka 2014, mayi yakipunguka. Walipima ile rangi ya kijani ya mwani, klorofili. Wakati wa mayi mingi, katika litre moja walipata tangu mikrogramu 0,07 mpaka 1,77. Wakati wa kupunguka, tangu 1,13 mpaka 7,68. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu: kidogo kweli, lakini tofauti ni kubwa! Tena aina zinabadilika. Mto ukijaa, mwani wa kijani ndio wengi. Mto ukipunguka, diatome, wenye ganda kama kioo, wanawashinda.

Sababu ni nini? Mto ukijaa, mayi ni ya kina na yanakimbia. Mwani unasukumwa mbali mbele ya kuzaana vizuri, na nuru haifiki chini. Je, samaki wanakufa njaa? Hapana. Wakati ule wengi wanaingia ndani ya pori lililofurika, wanakula matunda na wadudu wanaoanguka. Mayi yakirudi, pori linafunga mlango wake, na jua linafungua mlango mwingine.

Hapa neno linatufikia sisi wa machimbo. Mayi yakipunguka ndipo kazi ya kuosha mchanga inapata nguvu kandokando ya mito. Matope yakimwagwa mtoni, nuru inazuiwa, na inazuiwa katika miezi ileile ambayo mto unalima. Hakuna mtu atakayeona mwani ukikufa. Mama sokoni ndiye ataona, siku samaki wamekuwa wachache na bei imepanda.

Baba unayechimba, kijana unayeshika batea, hatusemi uache kazi inayolisha watoto. Chimba shimo la kutulizia matope mbali kidogo na mto. Acha mayi yakae mpaka udongo ushuke chini, ndipo uyaachilie. Ni jasho la siku moja ao mbili zaidi. Lakini mtu hawezi kulisha nyumba kwa dhahabu huku anaiba sahani ya jirani yake.