Ngome ya Lamu: Kutoka gereza hadi ukumbi wa maonyesho

Katika kisiwa cha Lamu, kaskazini mwa pwani ya Kenya, jengo lililowahi kuogopwa sasa ni mahali pa wakazi kukutana. Ngome ya Lamu, iliyokamilika mwaka 1821, ilikuwa gereza tangu enzi za utawala wa Waingereza hadi mwaka 1984, ilipokabidhiwa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya.

Leo ndani yake mna kumbi za maonyesho na maktaba. Mbele yake, katika uwanja wa Mkunguni, Tamasha la Utamaduni la Lamu huwakutanisha washairi, wapaka hina na wachezaji wa bao.

Kwa nini jambo hili ni muhimu? Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Hata hivyo, kulinda kuta za matumbawe hakumfundishi mtu kuchonga mlango wala kushona kofia. Stadi hizo hurithishwa kwa mkono, kutoka kwa fundi hadi kwa mwanagenzi.

Maonyesho humpa kijana sababu ya kujifunza, kwani kazi yake huonekana na huweza kupata mnunuzi. Pasipo hayo, ngome itahifadhi vitu ambavyo hakuna tena ajuaye kuvitengeneza.