Pikapu kuukuu ikifeli ukaguzi: Kurekebisha, kuuza au kukodi?

MSIMU wa kuchimba viazi unapokaribia, mkulima wa Kinangop au Ol Kalou huhesabu magunia, bei na siku za soko. Ni wachache wanaohesabu tarehe ya kuisha kwa cheti cha ukaguzi wa gari. Matokeo yake ni kwamba pikapu iliyohudumu miaka 15 au 20 hupelekwa kukaguliwa viazi vikiwa tayari vimetoka ardhini. Ikirudi na orodha ya makosa, mwenyewe hujikuta kati ya mzigo unaoharibika nyumbani na bili ya fundi inayokaribia nusu ya thamani ya gari lenyewe.

Nchini Kenya, magari ya biashara hutakiwa kukaguliwa kila mwaka, na pikapu ya kubebea mazao imo katika kundi hilo. Kazi hiyo husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA), iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2012. Kabla ya hapo ukaguzi ulikuwa mikononi mwa polisi. Siku hizi mwenye gari huweka miadi na kulipa ada kupitia mtandao kabla ya kufika kituoni.

Kukwepa ukaguzi si uchumi. Kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016 ziliweka faini ya Sh10,000 kwa gari lisilo na cheti halali. Kuendesha gari bovu ni kosa jingine, tena zito zaidi. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki kinataka kila gari lililo barabarani liwe katika hali nzuri, na marekebisho ya mwaka 2012 yalipandisha adhabu hadi faini isiyozidi Sh400,000, kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Aidha, kampuni ya bima ikibaini kuwa gari lilikuwa na breki mbovu wakati wa ajali, inaweza kukataa kufidia hasara ya mwenyewe.

Kuisoma orodha kabla ya kumwona fundi

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha makosa yote yameandikwa. Mwenye gari anayemwambia fundi kwa mdomo kwamba "limekataliwa" humpa nafasi ya kutengeneza hata kisichoharibika. Orodha ikishapatikana, igawanywe mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni makosa madogo: taa ya breki isiyowaka, honi bubu, waipa zilizochakaa, kioo cha pembeni kilichovunjika, vibandiko vya kuakisi mwanga vilivyofifia, au jina la mwenye gari na uzito wake kutoandikwa ubavuni jinsi magari ya biashara yanavyotakiwa. Haya hutatuliwa kwa siku moja na kwa gharama ndogo, lakini yakirundikana huifanya orodha ionekane ya kutisha kuliko ilivyo.

Fungu la pili ni yale yanayogusa uhai: breki, usukani, tairi, springi na viungo vya magurudumu ya mbele. Hapa hakuna mjadala. Gari lenye makosa hayo halipaswi kubebeshwa hata gunia moja hadi litengenezwe.

Fungu la tatu ni makosa yanayoashiria ugonjwa mkubwa: moshi mzito, fremu iliyopasuka au kuliwa na kutu, na injini inayovuja mafuta. Haya ndiyo yanayoamua iwapo gari linafaa kurekebishwa au la, kwa hivyo ni busara kuyapigia hesabu kwanza kabla ya kununua hata balbu.

Breki zinahitaji uangalifu wa pekee. Katika kituo chenye mashine, nguvu ya breki hupimwa gurudumu kwa gurudumu, na gari huweza kukataliwa si kwa sababu breki hazishiki bali kwa kuwa upande mmoja unashika kuliko mwingine. Mara nyingi kiini ni mafuta ya breki yanayovuja ndani ya gurudumu moja. Pia, pikapu nyingi zina vali karibu na ekseli ya nyuma inayopunguza nguvu ya breki za nyuma gari linapokuwa tupu. Vali hiyo ikikwama, au ikiwa fundi aliifunga zamani, vipimo huharibika. Mwenye gari aulize kuihusu kabla ya kukubali kubadilishiwa mfumo mzima.

Lumbesa hulipwa gereji

Pikapu ya tani moja imeundwa kubeba kilo 1,000, yaani magunia 20 ya kilo 50, kipimo kilichowekwa na kanuni za viazi za mwaka 2019. Mwenye gari akipakia magunia 30 ya uzito huo, amezidisha nusu ya uwezo wake. Akipakia lumbesa, hata hajui amezidisha kwa kiasi gani.

Springi hulegea, tairi huchemka, breki hulika upesi na viungo vya mbele hugongwa na kila shimo. Nauli iliyookolewa kwa kupunguza safari moja hurudi baadaye kama bili ya fundi. Mfanyabiashara anayelalamika kwamba ukaguzi ni ghali huenda analipa deni la mizigo ya miaka mitatu iliyopita.

Vipuri: Cha kununua mtumba na kisichofaa

Bili huwa na sehemu mbili, vipuri na ujira. Ni vyema kupata makadirio ya mafundi wawili au watatu kwa orodha ileile, huku sehemu hizo mbili zikiandikwa kando. Mwenye gari anaweza kununua vipuri mwenyewe. Kwa walio karibu na Nairobi, maduka ya Kirinyaga Road na eneo la Grogan yamekuwa kitovu cha biashara hiyo kwa miaka mingi, na bei hutofautiana kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Vipuri vya zamani virudishwe kwa mwenye gari kama ushahidi kwamba vilibadilishwa kweli.

Milango, vioo, taa, bampa na hata springi vinaweza kununuliwa vikiwa vimetumika ikiwa havijapasuka. Lakini pedi za breki, mipira ya kupitisha mafuta ya breki, viungo vya usukani na tairi vinunuliwe vipya, tena kwa muuzaji anayetoa risiti, kwa kuwa bidhaa ghushi huvutia kwa bei na kuua kwa ubora.

Tairi zina alama mbili ambazo kila mkulima anaweza kuzisoma. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vya mpira vilivyowekwa kwenye kimo cha milimita 1.6. Mpira wa juu ukilingana navyo, tairi limekwisha. Ubavuni kuna tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. Namba 2319, kwa mfano, ina maana ya wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaloitwa jipya linaweza kuwa limekaa stoo miaka mingi.

Hesabu ya kuamua

Swali gumu ni iwapo pikapu kuukuu inastahili pesa hizo. Kosa la kawaida ni kuangalia fedha zilizokwisha kutumika: "Mwaka jana nilitia injini, siwezi kuliacha sasa." Fedha hizo hazirudi, gari litengenezwe au liuzwe. Kinachofaa kupimwa ni gharama na mapato ya kuanzia leo.

Chukua mfano wa mkulima ambaye pikapu yake iliyokataliwa inaweza kuuzwa kama ilivyo kwa Sh250,000. Fundi anataka Sh165,000, na ikishatengenezwa itauzika kwa Sh380,000. Akitaka kuitengeneza ili aiuze, ataongeza thamani ya Sh130,000 kwa kutumia Sh165,000. Hiyo ni hasara ya Sh35,000, na ni heri amwuzie mnunuzi ilivyo, akimwonyesha orodha ya makosa bila kuficha.

Lakini akitaka kuitumia, hesabu hubadilika. Tuseme hufanya safari 100 za soko kwa mwaka. Kukodi gari humgharimu Sh6,000 kwa safari, ilhali kutumia lake humgharimu Sh3,800 kwa mafuta, dereva na uchakavu wa kawaida. Huokoa Sh2,200 kila safari, jumla Sh220,000 kwa mwaka. Akiondoa Sh90,000 za bima, ukaguzi na akiba ya dharura, hubaki na Sh130,000.

Akiamua kubaki nalo, anawekeza Sh415,000, yaani Sh165,000 za fundi na Sh250,000 ambazo angepata kwa kuliuza leo. Baada ya mwaka mmoja, ikiwa gari litauzika kwa Sh330,000, atakuwa na Sh460,000 akijumlisha zile Sh130,000 alizookoa. Amefaidi Sh45,000, kwa hivyo kurekebisha kuna maana.

Mkulima huyo akiwa na safari 50 tu kwa mwaka, huokoa Sh110,000. Baada ya kutoa Sh90,000 hubaki na Sh20,000, na pamoja na bei ya gari anafikisha Sh350,000 dhidi ya Sh415,000 alizowekeza. Amepoteza Sh65,000. Kwa takwimu hizi, mpaka kati ya faida na hasara ni takriban safari 80 kwa mwaka. Kila mwenye gari aweke bei za eneo lake katika hesabu hiyohiyo, na jibu litajitokeza.

Kwa mwenye safari chache, kukodi lori pamoja na majirani wawili au watatu, au kusafirisha kupitia chama cha ushirika, kunaweza kumwachia fedha zaidi mfukoni kuliko heshima ya kuwa na gari lake uani.

Pesa zitoke wapi?

Riba inaweza kugeuza uamuzi mzuri kuwa mbaya. Mkopo wa Sh165,000 kutoka chama cha akiba na mikopo kwa asilimia 1 kwa mwezi, riba ikihesabiwa kwa salio linalopungua, hugharimu takriban Sh10,700 ukilipwa kwa miezi 12. Mpaka wa faida hupanda hadi safari 85, jambo linalovumilika. Mkopo wa asilimia 8 kwa mwezi, ambao mkopaji analipa riba tu bila kupunguza deni, hula Sh13,200 kila mwezi. Faida yote ya mwaka huliwa kabla ya mwezi wa nne kwisha.

Mwenye fedha kidogo anaweza kutengeneza kwa awamu, mradi breki na usukani vitangulie na gari lisitoke na mzigo hadi lipate cheti. Njia ambayo haifai ni ya madalali wanaoahidi cheti bila gari kutengenezwa. Anayelipa hununua karatasi, na breki hubaki zilivyokuwa. Akitoka na tani ya viazi kwenye mteremko wa Mai Mahiu, karatasi hiyo haitamsaidia yeye wala wanaopanda kutoka chini.

Kujiandaa kwa mwaka ujao

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kutenga Sh500 kila safari kwa safari 100 huleta Sh50,000 kwa mwaka, kiasi kinachotosha kubadilisha pedi, mafuta na kiungo kimoja kimoja kabla havijaungana kuwa bili moja kubwa. Daftari dogo ndani ya gari, lenye tarehe, kilomita na kipuri kilichobadilishwa, humsaidia mwenyewe kujua kinachokwisha upesi na humshawishi mnunuzi siku ya kuuza.

La muhimu zaidi ni wakati. Gari lipelekwe kwa fundi kwa uchunguzi mwezi mmoja kabla ya cheti kuisha, na mwenye uwezo wa kuchagua aweke miadi ya ukaguzi kati ya kupanda na kuvuna. Gari likikataliwa katika miezi hiyo, kuna nafasi ya kutafuta bei na kupiga hesabu bila pupa. Likikataliwa wiki ya mavuno, atakayepanga bei ni fundi, mwenye lori la kukodi na dalali wa soko, na mkulima atalipa wote watatu kwa siku moja.