Pasli Karibu na Jiko

Hapa Kanduyi ni nyumba chache zisizoijua dania. Huuzwa sokoni kwa mafungu madogo, mara nyingi pamoja na mizizi yake, na mwenye kuandaa kachumbari bila dania hujiona amepungukiwa. Lakini pasli, iliyo ya ukoo mmoja na dania na karoti, bado haijulikani sana kwetu, ingawa huuzwa katika maduka makubwa ya mijini kwa bei ambayo karani wa mshahara mdogo huipita akitazama upande mwingine. Aina yenye majani bapa hufanana na dania hata macho hudanganyika. Pua ndiyo huamua.

Wako waliojaribu kuipanda, wakasema kwamba udongo wetu haiutaki. Si kweli. Mara nyingi pasli hufa kwa mikono yetu wenyewe, nayo hufa kwa njia mbili: huchimbuliwa kabla haijaota, au hung'olewa siku ya kuvunwa.

Tutazame kwanza kuota kwake. Dania huchomoza kwa wiki moja au mbili. Pasli yaweza kukaa wiki tatu, nne, na hata zaidi, kwa sababu ganda la mbegu yake lina dawa ya asili izuiayo kuota. Waingereza wa zamani walistaajabia uvivu huo hata wakasimulia kwamba mbegu ya pasli huenda kwa Shetani mara tisa kabla ya kutokeza juu ya ardhi! Basi mkulima huona tuta tupu, hudhani ameuziwa mbegu mbovu, akalilima upya na kutia sukuma wiki. Yafaa kuzilowesha mbegu katika maji ya uvuguvugu kwa usiku na mchana, na kuyabadili maji hayo mara moja au mbili. Kisha zipandwe katika mfereji wa kina cha sentimita moja, zifunikwe kwa udongo laini, na juu yake majani makavu ili mvua kubwa za Machi na Aprili zisizichukue. Tuta lisikauke hata siku moja. Machipukizi yakionekana, majani hayo yaondolewe. Iko hila nyingine nzuri: changanya mbegu chache za figili katika mfereji huo huo. Figili huota baada ya siku chache, nayo huonyesha mstari ulipo, ili mwenye kupalilia asiuharibu.

Mzizi wa pasli hushuka chini sana, kwa hiyo haipendi kuhamishwa ikiwa kubwa. Ipandwe mahali pake pa kudumu, au katika debe au gunia lenye kina cha sentimita 25 na matundu ya kutoa maji, lenye udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Ipunguzwe hata pawe na sentimita 15 au 20 kati ya mche na mche. Hapa kwetu, palipo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, jua la Desemba hadi Februari ni kali kwake kuliko la Kitale, ambako ni juu zaidi na baridi zaidi. Basi apewe kivuli cha alasiri, kama cha mgomba. Tena pawe na ua, kwa maana kuku hawana adabu.

Tangu kiwanda cha sukari cha Nzoia kilipoanza kazi mwaka 1978, miwa imesogea hata karibu na milango ya watu, na wengine husema hawana nafasi ya bustani. Madebe manne hayahitaji shamba.

Siku ya kuvuna ndipo desturi ya dania hutuponza. Dania hukatwa baada ya wiki tano au sita, na muda si mrefu hutoa maua. Ndiyo sababu huidhuru kidogo kung'olewa, na mwenye akili hupanda kidogo kila baada ya wiki mbili au tatu. Pasli siyo hivyo. Ngoja siku 70 hadi 90, mpaka shina la jani liwe na vijitawi vitatu. Kisha kata kwa kisu mashina ya nje, chini kabisa karibu na udongo, ukiacha ya katikati yaendelee kukua. Usikate ncha tu, wala usichukue zaidi ya theluthi moja kwa siku moja. Mche ukitunzwa hivyo utakupa majani kwa miezi mingi. Mwaka wa pili, ukitoa maua, majani huwa machungu.

Majani haya huliwa mara nyingi mabichi. Yasinyweshwe maji ya mtaro, na yaoshwe kwa maji safi yatiririkayo, kwa sababu ya kipindupindu na homa ya matumbo. Kwa mchuzi, yatiwe chungu kikiwa karibu kuteremshwa. Kiasi cha chakula hakidhuru watu wengi, lakini mama mjamzito asinywe dawa ya kuchemsha wala mafuta yake, na anayetumia vidonge vya warfarin vya kuzuia damu kuganda amwulize tabibu kwanza, kwa kuwa pasli ina vitamini K kwa wingi.

Yaliyobaki, simamisha mashina yake katika bilauri ya maji, mahali pa baridi, yatakaa siku kadhaa.