Je, Wajua? Pati Ndefu ya Gofu Huharibiwa na Nguvu

Je, wajua kwamba mchezaji wa gofu akiwa mbali na shimo, kosa la nguvu humgharimu kuliko kosa la mwelekeo? Chukua pati, yaani pigo la kuubingirisha mpira kuelekea shimoni, ya mita 12 kwenye grini (nyasi fupi zinazozunguka shimo) iliyo tambarare. Ukikosea mwelekeo kwa nyuzi 2, mpira utapita sentimita 42 kando ya shimo. Lakini ukiuanzisha kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 10 tu, utapitiliza kwa mita 2.5. Umbali hauongezeki sawasawa na kasi: ukiongeza kasi maradufu, mpira hubingirika mara nne ya ulivyokwenda mwanzo.

Na hizo mita 2.5 zina uzito wake. Hata wachezaji wa kulipwa wa PGA Tour ya Marekani hutumbukiza takriban nusu tu ya pati za umbali huo, ilhali kutoka sentimita 90 ni nadra wakose. Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia aliyechambua takwimu zao, alionyesha kwamba kutoka mita 10 hivi wastani wao ni pati mbili. Kwa hiyo anayejilaumu kwa kukosa shimo kutoka mita 15 anajionea bure. Kazi ya pati ya kwanza ni kuirahisisha ya pili.

Pati ndefu kupindukia zinapatikana Old Course ya St Andrews, Uskoti, ambako mashimo 14 yamegawana grini 7 kubwa, mawili kila moja. Namba za kila jozi ukizijumlisha unapata 18: la 2 na la 16, la 3 na la 15, na kuendelea. Kwenye uwanja huohuo, katika mashindano ya The Open ya mwaka 1995, Mwitaliano Costantino Rocca alitumbukiza mpira shimo la mwisho kutoka karibu mita 20, akitokea kwenye bonde dogo liitwalo Valley of Sin, akalingana na John Daly. Ilikuwa pati ya ajabu, ingawa Daly ndiye aliyeshinda mchuano wa nyongeza.

Wengi wakitaka mpira uende mbali huupiga kwa ghafla. Afadhali urefushe mwendo wa fimbo, nyuma na mbele, bila kubadili mdundo wake. Ukifanya pigo la majaribio kabla ya kupiga, macho yawe kwenye shimo. Chunguza zaidi mteremko ulio karibu na shimo, maana hapo mpira umeshapungua kasi na huvutwa upande kwa urahisi. Tangu Januari 2019 sheria zinaruhusu mpira uliopigwa kutoka kwenye grini kugonga bendera iliyosimama shimoni bila adhabu. Iache, itakusaidia kukadiria umbali.

Siku ukiwahi kufika uwanjani, usianze na shimo. Piga mipira kuelekea ukingo wa grini ya mazoezi, kutoka karibu, kisha mbali, kisha mbali zaidi, uone ni mingapi inasimama pale ulipokusudia.